Tokeni

Siku nne alikataa kuoga.
Maji nilichemsha, yakapoa, nikachemsha tena,
makaa yakaisha, na mimi nikaisha.
Alisimama kizingitini, kiganja wazi
kama anayedai chenji,
akasema kwa Kiswahili chake cha reli, chenye grisi:
"Bila hiyo siingii. Wataka tugongane?"

Kipadhola chake kilianza kuondoka na mvua za Aprili.
Jina langu lilitangulia.
Nyaketcho hayupo; yupo
"wewe wa zamu ya usiku".

Kaka yangu Owor alipiga simu kutoka Kampala:
"Mzee amerudi utotoni. Mfungie mlango."
Nikamwambia, mtoto gani huyu
mwenye miaka thelathini na moja ya kupokea magari,
aliyezika mke na vijana wawili,
anayejua kwa unyayo (kwa unyayo, Owor, si kwa sikio)
behewa la saruji na behewa la pamba?
Simu ikakatika. Au aliikata.

Sista Amoding alikuja kwa baiskeli.
Sikumwona akifungua mkoba.
Aliketi mkekani, viatu mkononi, akauliza:
"Bila nini, Mzee Yokana?"

Swali dogo hivyo.
Miezi minane nilikuwa nikimjibu tu,
sikuwahi kumwuliza.

Akachora duara hewani, polepole.
Njia ni moja, magari ni mawili.
Mwenye tokeni ndiye mwenye njia;
asiye nayo, hata awe amebeba gavana,
hungoja.
Siku moja alimnyoshea dereva ile pete, gari likikimbia,
ikanasa mkononi, bega likateguka.
"Tazama," akasema, akavua shati.
Ni bega lile lile nililolisugua kwa hasira
nikidhani ni uzee tu.

Usiku nikang'oa ukingo wa ungo uliochakaa,
nikaufunga kipande cha gomesi la marehemu mama.
Asubuhi nikasimama penye bafu la mabati.
"Njia nyeupe mpaka bafuni," nikasema,
sauti ikinitetemeka, jirani akichungulia uani.
Aliishika. Akaigeuza. Akalikagua fundo.
"Nani kafunga hivi?"
Nikajua nimekamatwa.
"Fundo zuri," akasema, akapita.

Simdanganyi mtu kwamba tumepona.
Kuna siku naitwa mwizi nyumbani kwetu.
Kuna siku nafua shuka tatu kabla ya chai.
Juzi alimlilia mama, na pete haikufaa kitu,
nami sikumwambia amekufa, wala kwamba anakuja.
Nilimwuliza mama alipikaje magira,
kunde aliziloweka lini, chumvi aliitia saa ngapi,
akajibu, akanikosoa, akajibu,
mpaka Mwamba wa Tororo ukameza jua.

Usiku wa Jumanne nilimkuta langoni,
pete mkononi, anasikiliza ardhi.
Nilikuwa nimechoka hata kusema "turudi".
Alinimulika na tochi isiyo na betri,
kutoka miguu hadi uso,
kama mkaguzi.
"Wewe. Zamu yako iliisha lini?"
"Sijui, Mzee."
"Hujui!"
Akanivisha pete begani, ikagonga mfupa.
"Busembatia wako tayari. Nenda.
Hapa nashika mimi."

Nikaenda.
Nililala kama gunia lililoshushwa,
mpaka king'ora cha kiwanda cha saruji.
Nikamkuta kitini, amevaa koti,
macho mlangoni, kiganja wazi,
anangoja nimrudishie.